Weka Mzuri

Niliosha gorfa ya jirani yangu kwa maji moto, sabuni ya unga na waya wa kusugulia sufuria, nikaianika juani juu ya mabati siku mbili, kisha nikaipaka vanishi. Nayasema haya mwanzoni kabisa ili msomaji asije akanisifu huko mbele kwa bahati mbaya. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa na nafasi, nilikuwa na nusu kopo la vanishi lililobaki nilipopaka mlango, na nilikuwa na akili zangu timamu, hizi hizi ninazoandikia sasa.

Kwa asiyeijua, gorfa ni chombo cha maziwa cha Waborana. Husukwa kwa nyuzi za mizizi, zikakazwa mpaka maziwa hayapati pa kupita. Ina tumbo pana, shingo nyembamba, kifuniko chake, na ukanda wa ngozi wa kuibebea. Ikishatumika miaka mingi huwa nyeusi kwa moshi na mafuta. Weusi huo ndio niliouona mimi nikadhani ni uchafu.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nashona kanzu na mapazia kwenye veranda yangu hapa mtaa wa Chechelesi, mjini Isiolo, na mke wangu ndiye anayetoka kwenda sokoni kuuza madera. Wenye ulimi mkali wanasema yeye ndiye mwanamume wa boma na mimi ni kufuli. Sikatai. Saa nne asubuhi mtaani petu huwa tumebaki mimi na kuku, kwa hivyo kila mtu huniachia kitu: funguo, mtungi wa gesi, vifaranga, siku moja meno ya bandia. Nimeshika amana nyingi bila hata moja kupotea. Jambo la kuharibu amana kwa kuipamba lilikuwa bado halijanijia.

Jirani wa upande wa kulia ni mama mzee anayeuza maziwa ya ngamia. Namwita Akko, yaani bibi kwa Kiborana, kama wanavyomwita watoto wote wa mtaa, ingawa mimi nina mvi kumshinda. Alikuja asubuhi moja na kitu kimefungwa ndani ya leso.

"Salaam aleikum, mzee wa nyumba."

"Aleikum salaam, Akko. Karibu."

"Sikai. Gari inangoja. Naenda Garbatulla kuita watu wa harusi, nakaa huko siku tisa. Nyumba yangu iko na panya." Akafungua leso. "Hii ni ya msichana. Mama yake alishona na mkono yake, kabla hajakufa. Ataenda nayo Biliqo. Weka mzuri."

"Nitaweka, Akko."

"Weka mzuri kabisa."

Msichana huyo ni mjukuu wake, aliyemlea tangu akiwa mdogo. Alikuwa anauza simu kwenye duka moja la mjini, na alikuwa anaolewa na mwalimu wa Biliqo ambaye wazazi wake wana ngamia. Kwao bibi harusi hufika na vyombo vyake vya maziwa, na gorfa ndiyo inayotangulia. Mama mkwe huipokea mbele ya watu, humimina maziwa ndani, na baadaye watu huonja. Chombo kikivuja, au maziwa yakiwa na ladha ngeni, hakuna anayesema kitu siku hiyo. Watasema miaka yote inayofuata: huyu alikuja kama mtu asiyekuwa na mama. Na huyu kweli hakuwa na mama. Gorfa ndiyo iliyokuwa iende kwa niaba yake.

Haya yote Akko alikuwa amenieleza zamani, juu ya ua, katika siku nyingi za kununua maziwa. Niliyajua. Sina pa kujifichia hapo.

Basi nilikosea wapi? Kwenye kivumishi. Nilimaliza kidato cha nne, na Kiswahili ndilo somo pekee lililonifanya nisirudi nyumbani kichwa chini. Lakini Kiswahili chetu cha Isiolo kina mambo yake. Akko aliposema "weka mzuri" alimaanisha iweke vizuri, itunze, usiiguse. Mimi nikasikia iweke iwe nzuri. Nikaitazama ile gorfa nyeusi, inanuka moshi, ukanda wake umekauka kama kiatu kilichosahauliwa nje, nikasema moyoni: maskini Akko, ameona haya kuniomba waziwazi.

Na kwetu kizuri ni kinachong'aa. Babu yangu aliletwa hapa na jeshi la wakoloni, akabaki, akaoa, akazaa, na alichoturithisha zaidi ya kitu chochote ni kupiga rangi. Viatu vilipigwa brashi mpaka ukaona meno yako. Vifungo vilisuguliwa kwa majivu. Baba hakuwa mwanajeshi, alikuwa dereva wa lori, lakini lori lake lilipita kwenye vumbi la Merti likirudi na bampa inayowaka kama sinia. Mtoto wa nyumba hiyo akiona kitu cheusi, mkono wake unatafuta kitambaa wenyewe.

Nilifanya kazi kwa bidii ambayo mteja wangu yeyote angetamani niifanyie kanzu yake. Mkono wangu haukuingia kwenye shingo ya gorfa, nikafunga waya kwenye kijiti na kusugua ndani. Maji yalitoka meusi, yakatoka ya kahawia, mwishowe yakatoka masafi, nikafurahi. Jua likakausha. Vanishi ikashika. Rangi ya nyuzi ikatokea, ya dhahabu, mistari ya ususi ikaonekana mmoja mmoja. Nikaondoa ule ukanda wa ngozi, nikatia utepe mwekundu wenye shada, ule wa kufungia mapazia ya sebuleni. Nikaiweka juu ya kabati, nikakaa chini kuitazama, chai ikapoa.

Mke wangu alirudi sokoni, akasimama mlangoni na mifuko mkononi.

"Hiyo ni nini?"

"Gorfa ya Akko."

"Gorfa ya Akko ilikuwa nyeusi."

"Ilikuwa."

Akaweka mifuko chini polepole. Akaisogelea, akainusa, akarudi nyuma. "Baba watoto, chombo cha maziwa umekifanya kabati."

"Lakini si imependeza?"

"Imependeza," alisema. "Hata jeneza hupendeza."

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Nikamimina maji ndani kujaribu. Tone la kwanza lilitoka upande wa chini, likaning'inia, likaanguka. Likaja la pili. Nyuzi zilikuwa zimekauka na kuachana, na kile kilichokuwa kikiziba matundu nilikuwa nimekimwaga kwenye mtaro siku kadhaa zilizopita, nikifurahi.

Akko aliporudi sikungoja anifuate. Nilichukua gorfa mikononi kama mtu anayebeba mtoto wa watu, nikaenda. Alikuwa ameketi mlangoni kwake anavua viatu, miguu imevimba kwa ile barabara. Aliangalia gorfa. Aliniangalia. Akaichukua, akafungua kifuniko, akanusa ndani, akafunga. Nilikuwa nimejitayarisha kwa makelele. Kwa makelele mtu hujua pa kusimama. Hakupiga kelele.

"Nilisema weka mzuri," alisema.

"Ndiyo, Akko. Nikaweka."

 Kisha akacheka, lakini si kile kicheko cha kumsamehe mtu. "Nyinyi watu wa town mko na neno moja tu. Mzuri, mzuri. Chai mzuri, mtoto mzuri, barabara mzuri. Kwetu iko *dansa* na iko *bareeda*. Dansa ni kitu inafanya kazi yake. Bareeda ni ya macho. Mimi niliacha kwako dansa. Wewe umenirudishia bareeda."

Nilitaka kumweleza kuhusu vivumishi. Namshukuru Mungu sikumweleza.

"Harusi ni lini?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Wiki moja. Utaleta wembe yako ya kushonea. Na hiyo kamba ya pazia rudisha kwa pazia."

Ndivyo mtu asiyetoka nyumbani alivyoanza kutoka kila asubuhi, hatua ishirini hivi, mpaka uani kwa Akko. Kazi ya kwanza ilikuwa kukwangua vanishi. Naomba yeyote anayefikiria kupaka chombo cha ususi vanishi akumbuke kwamba kupaka ni saa moja na kukwangua ni siku tatu, na hata hivyo haitoki yote. Ilijificha kwenye mistari ya ususi. Nilikwangua mpaka vidole vikafa ganzi. Akko alipita na debe lake la maziwa akaangalia. "Pole pole. Hiyo si shati ya mtu."

Baada ya kukwangua, tulipaka mafuta ya mnyama nje na ndani, gorfa ikayanywa kama mgonjwa aliyepata hamu. Kisha moshi. Kuna mti wanaouita ejersa, mgumu, mzito. Vijiti vyake huchomwa mpaka viwe makaa, vikatiwa ndani ya chombo, kifuniko kikafungwa, ukatikisa, ukamwaga, ukapangusa kwa brashi ndefu ya nyuzi, ukaanza tena. Akko alinionyesha mara moja. Mara ya pili akaniachia. Nilikohoa, nikalia machozi, nikaunguza kidole na upindo wa shuka. Watoto wa mtaa walikusanyika kumtazama fundi wa nguo anavyopika hewa.

Kitu kilichonitia haya zaidi kilinijia katikati ya moshi huo. Kila asubuhi kwa miaka mingi nilikuwa nakunywa chai yenye maziwa ya Akko, na kila asubuhi nilimsifu kwa ile ladha ya moshi iliyomo. "Akko, maziwa yako ni matamu, sijui unayafanyaje." Alikuwa anayafanya hivi. Nilikuwa nimepata uzuri ule kwa ulimi miaka yote hiyo, na nilipouona kwa macho, mweusi, umekaa mbele yangu, niliufuata na waya wa kusugulia sufuria.

Siku ya nne mjukuu alitoka dukani mapema, akaja uani. Ni msichana mrefu, mcheshi, na alikuwa bado hajaiona gorfa tangu nilipoiharibu. Sehemu moja ya tumbo ilikuwa bado ina vanishi, inang'aa. Akaiinua juani.

"Hii ndiyo ile ya mama? Mashallah! Akko, mbona hukuniambia inaweza kukaa hivi? Imeiva!"

Akko alichukua debe lake akaanza kuliosha. Mimi, nakiri, nilijisikia vizuri kidogo. Siku nne nimekuwa mkosaji, na huyu ndiye alikuwa mtu wa kwanza kunielewa.

"Mzee, usitoe hii yote," akaniambia. "Acha ing'ae. Ile nyeusi nilikuwa naionea haya, kusema ukweli. Wasichana wa dukani wangeuliza kama nimeiokoa kwenye moto. Hii nitaiweka sebuleni, watu wakija wapige picha."

"Sebuleni," alisema Akko.

"Ndiyo, Akko. Siku hizi hata Biliqo kuna sebule."

"Na maziwa?"

"Maziwa kuna chupa. Kuna mitungi."

Nilikaa kati yao na wembe mkononi, sijui nikwangue au niufiche. Nilitafakari jambo hili kuliko ninavyotafakari mambo kwa kawaida. Msichana hakuwa amekosea. Alikuwa na macho, na macho yake yalikuwa yamependa. Nani atamwambia mtu kwamba hakupenda alichopenda? Lakini Akko pia hakuwa amekosea, na yeye hakuwa anazungumzia macho kabisa. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa anazungumza juu ya kile kilichokuwa kinawauma wote wawili, yaani mwanamke aliyezisuka nyuzi hizo, ambaye mmoja alimzika na mwingine hamkumbuki.

"Mimi ni fundi tu," nilisema mwishowe. "Ambieni mkono wangu uende wapi."

Msichana akacheka. Kisha, kwa kutaka tu kujua nilikuwa nafanya nini na makaa yale, akafungua kifuniko akaingiza pua. Nilikuwa nimemaliza kufukiza muda mfupi uliopita. Akabaki hivyo. Nilifikiri anachezacheza, kisha nikaona hachezi. Alipoinua uso alikuwa na masizi kwenye pua, na hakuyapangusa.

"Moshi umeniingia machoni," alisema.

"Ni mkali," nilisema. "Hata mimi."

Akakaa chini kwenye kigoda cha Akko. "Hii harufu naijua. Sijui naijua wapi."

Akko alikuwa anaosha debe. Hakugeuka. "Alikuwa anakubeba mgongoni na hiyo gorfa iko mbele. Ulikuwa unalala hapo kati yao."

 Ningependa kuandika kwamba msichana alibadilisha mawazo yake palepale, kwamba aliniambia nikwangue yote. Hakuniambia. Aliuliza tu vijiti vile vya ejersa vinapatikana wapi, na kama Biliqo vipo. Akko akasema huko vinaletwa, lakini atamfungia mzigo aende nao. Kisha msichana akarudi dukani, na masizi yake puani, na mimi nikaendelea kukwangua, lakini kwa mkono mwepesi zaidi. Kipande kimoja cha vanishi karibu na shingo nilikiacha. Sijui nilimwachia nani.

Tulipojaribu maziwa ya kwanza yalivuja, na yaliyobaki yalikuwa na ladha ya sabuni. Akko akayamwaga kwa paka, paka akanusa akaenda zake. Ya pili yalivuja kidogo, yakawa na ladha ya mlango mpya. Nilikosa usingizi na hamu ya kula. Mke wangu, ambaye huwa hanihurumii bure, alianza kuniletea uji uani kwa Akko. Akko akaniambia jambo ambalo sikulijua: maziwa yenyewe ndiyo huziba. Hukaa, huganda kwenye ususi, moshi unakuja juu yake, mafuta yanakuja juu ya moshi. Hakuna fundi wa kuharakisha hiyo kazi. Ule weusi niliouosha ulikuwa maziwa ya miaka mingi yamekaa kimya yanashika maziwa mengine.

Nililiwaza sana hilo nikirudi kwenye cherehani yangu. Tangu utotoni nilidhani uzuri ni kitu kinachowekwa juu ya kitu kingine, kama rangi, kama shada la pazia. Unamaliza kazi, halafu unaongeza uzuri. Hapa palikuwa na uzuri ambao hakuna aliyeuongeza. Ulibaki tu, kila siku kidogo, watu wakifanya mambo mengine. Nikajaribu kuyasema haya kwa mke wangu. Akasema, "Sasa umeanza kupaka vanishi maneno," nikanyamaza.

Hata hivyo nitatetea lugha yangu kidogo. Akko alisema tuna neno moja kwa vitu viwili, na ni kweli, na nimelipia ukweli huo kwa vidole vyangu. Lakini huenda waliotuachia neno hilo hawakuwa wavivu. Huenda walichoka kuwatenganisha hao wawili, wakawaweka nyumba moja wagombane wenyewe. Sina uhakika. Mtu aliyepaka gorfa vanishi hapaswi kuwa na uhakika na mambo mengi.

Maziwa ya tatu tuliyatia siku moja kabla ya safari. Tuliyaacha mpaka adhuhuri. Akko akapitisha kiganja chini ya gorfa, akakiangalia, akanionyesha. Kilikuwa na unyevu, lakini hakikuwa na tone. Akaonja. Akaonja tena. Uso wake haukuniambia chochote. Uso huo umeuza maziwa miaka arobaini, umezoea kuficha.

"Itafika?" niliuliza.

"Itafika Biliqo. Ikifika huko kwa mkono ya mama mkwe, hiyo ni ya Mungu."

Wakaenda. Harusi ya mjini ilikuwa na pilau na kelele, kisha magari yakaondoka kuelekea kaskazini na bibi harusi, na Akko mbele amepakata gorfa, ukanda wa ngozi umerudi mahali pake. Kwa mbali, jua lilipoipiga, kile kipande cha shingoni kiling'aa. Nikaomba Mungu mama mkwe awe na macho mabovu.

Siku tano nilishona vibaya. Nilimpelekea mteja kanzu yenye mkono mmoja mrefu, akaivaa msikitini, akarudi nayo. Kila gari lililosimama barabarani nilisimama nalo. Akilini nilimwona mama mkwe nisiyemjua akimimina, watu wamekaa kimya, na tone moja likitoka, likining'inia, likianguka kwenye mchanga mbele ya ukoo mzima.

Akko alirudi siku ya sita, saa nne asubuhi, nikiwa na kuku. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Niliacha cherehani ikizunguka yenyewe, nikaenda mpaka kwenye ua, nikasahau hata salamu.

"Akko, mama mkwe alisema nini? Ilivuja? Waliona ile vanishi?"

Akashusha mzigo wake, akanyoosha mgongo, akanitazama kuanzia juu mpaka chini bila haraka.

"Maziwa ilishika mpaka asubuhi, na watu walikunywa wakaongeza. Hiyo sura ya gorfa ni kama yako tu, wataizoea."